Kuvua Samaki Penye Majani ya Ziwa

Leo twataka kuzungumza habari za kuvua samaki mahali ambapo wavuvi hupapenda na kupachukia kwa pamoja, yaani penye majani ya ziwani. Mvuvi hupapenda kwa sababu ajua kuwa samaki wamo. Hupachukia kwa sababu wavu hunasa, ndoana huleta bua la yungiyungi badala ya kitoweo, na mtumbwi hukwama hata upondo usifae kitu. Tumechagua Ziwa Victoria kuwa mfano wetu, maana kando zake zina kila namna ya majani, na mambo yaliyolipata ziwa lile kwa muda wa zaidi ya miaka mia yatufundisha mengi.

Ziwa hili ni pana sana, eneo lake hupata kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake si kikubwa kwa kadiri ya upana wake. Hata pale penye kina zaidi hapapiti sana mita 80. Lina ghuba nyingi na visiwa vingi, na penye ghuba maji ni machache, mawimbi ni madogo, na tope hutulia chini. Mahali kama hapo ndipo majani yapendapo kuota.

Basi jambo la kwanza apaswalo mvuvi kulijua ni kwamba majani ya ziwani si ya namna moja. Yako yale yaishiyo chini ya maji kabisa, laini kama manyoya, ambayo huyaoni mpaka uchungulie kutoka katika mtumbwi wakati maji yametulia. Yako yungiyungi, ambayo mizizi yake imo topeni, mabua yake ni marefu, na majani yake yamelala juu ya maji kama sahani. Yako mafunjo na matete, yasimamayo kama ukuta mrefu kupita kimo cha mtu. Na mafunjo mahali pengi hayakushika chini hata kidogo, bali mizizi yake imeshikana kama mkeka mnene uelea juu ya maji. Mwisho yako yale yasiyo na makao, yachukuliwayo na upepo huku na huku, na mkubwa wao ni gugu maji lile lenye maua ya rangi ya zambarau, ambalo tutalisema zaidi baadaye. Mtu asemaye tu kwamba amevua "majanini" hajatuambia neno, sawasawa na mtu asemaye kwamba amewinda "porini" bila kusema kama ni msituni au mbugani.

Tofauti hizi zina maana kubwa kwa sababu ya hewa. Samaki naye huvuta pumzi kama sisi, ila yeye huitoa ile hewa ya uzima, iitwayo oksijeni, katika maji kwa njia ya matamvua yake. Majani yaishiyo chini ya maji yakipata mwanga wa jua hutoa oksijeni, nayo huyeyuka katika maji. Ndiyo sababu mchana maji yaliyo kati ya majani hayo huwa na hewa nzuri. Usiku hakuna mwanga, na majani yenyewe huvuta hewa ile ile pamoja na samaki na wadudu wote. Hewa hupungua saa kwa saa, na karibu na mapambazuko ndipo inapokuwa haba kuliko wakati wote. Kwa hiyo samaki wengi waliokuwa ndani ya majani machana hutoka usiku wakasogea ukingoni, au huenda penye maji mapana. Mvuvi mzee ambaye hakusoma kitabu hata kimoja huujua mwendo huu, akatega wavu wake jioni nje ya majani, akautoa alfajiri. Hakosi kitu.

Ndani ya mafunjo mambo ni mengine. Pale chini ya mkeka wa mizizi ni giza, mchana na usiku. Majani makavu huanguka na kuoza, na kuoza kwenyewe kwala hewa. Ukiingia kidogo kati ya mafunjo ukachota maji kwa mkono utayaona yamekuwa ya rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na harufu yake ni ya tope. Samaki wa kawaida akikaa humo kwa muda hufa. Lakini wako wenye hila zao. Kambare ana kiungo juu ya matamvua yake kimwezeshacho kuvuta hewa ya juu, naye hupanda, akameza pumzi, akashuka. Kamongo amepita hapo, maana ana mapafu hasa, na akisha kuwa mkubwa hawezi kuishi kwa hewa ya majini peke yake. Wavu ukimshika chini na kumzuia asipande, hufa maji kama mtu, ajapokuwa ni samaki. Twadhani hakuna kiumbe katika ziwa lile astahiliye kutazamwa na wanafunzi kwa makini kuliko huyu.

Sasa tuseme habari za kuvua kwenyewe. Neno letu ni moja: vueni ukingoni. Ukingo ndio mlango wa nyumba ya samaki. Samaki wadogo hujificha ndani, wakubwa hungoja nje, na wote wapita ukingo ule wendapo kula na warudipo. Mvuvi atiaye mtumbwi wake katikati ya majani hufukuza samaki kwa kishindo kabla hajatega, huharibu wavu wake, na tena huingia chumba cha watoto bila kubisha hodi. Akikaa mita chache nje, akapiga kafi polepole, akatazama wapi pana ufa au mfereji kati ya majani, atapata zaidi kwa jasho dogo.

Ufa ule ndio wa thamani. Majani hayaoti sawasawa kama mpunga shambani. Pana pembe, pana vidomo vilivyojitokeza, pana njia ambazo kiboko amezifungua kwa kupita kila usiku. Samaki huzifuata njia hizo. Mgono uliosukwa vizuri, ukiwekwa katika mfereji mwembamba na mdomo wake ukielekea upande samaki watokako, hufanya kazi yake bila mvuvi kuwapo. Nafasi kati ya fito za mgono na ziwe pana, vidole viwili au zaidi, ili wadogo wapite. Mgono ulioshonwa kama kikapu cha kuchujia tui hukamata kila kitu, na mwenye mgono huo ajitengenezea njaa ya mwakani.

Mshipi wa ndoana wataka akili zaidi. Kosa la wengi ni kutumia chubwi nzito. Chubwi huzama, huivuta ndoana mpaka ndani ya majani, na chambo hufichika asikione samaki hata mmoja. Penye majani ya chini yafaa chubwi ndogo sana au pasiwe na chubwi kabisa, na chelezo kifungwe ili chambo kining'inie shibiri moja au mbili juu ya vilele vya majani. Samaki aliye chini hutazama juu, naye huona chambo waziwazi kwa mwanga wa mbinguni. Mshipi uwe mnene kuliko ule wa maji mapana. Samaki akisha kushika, asipewe nafasi: mvute juu mara moja, kwa nguvu moja isiyolegea, maana akigeuza kichwa na kuzungusha mshipi katika mabua mawili tu, umempoteza yeye na ndoana pamoja. Huku si mahali pa kumchosha samaki kwa kumlegezea na kumvuta, kama wafanyavyo waungwana wavuao kwa mchezo.

Wale wategao kamba ndefu yenye ndoana nyingi kwa ajili ya kamongo na kambare huiweka sambamba na ukingo wa mafunjo, nyuzi za ndoana zikiwa fupi ili zisijisokote. Chambo ni vipande vya samaki, chura, au nyungunyungu, kambare hachagui. Kamongo hujionyesha mwenyewe kwa mvuvi mwenye subira, kwa kuwa hana budi kupanda kuvuta pumzi. Hufunua mdomo juu ya maji, hutoa sauti ya mkoromo mfupi, akashuka na kuacha mapovu. Atazamaye mahali pamoja kwa kimya atajua wapi anakaa. Tena angalieni vidole vyenu mkimtoa! Hana meno kama ya mbwa, bali ana vibao vya mfupa vikali vivunjavyo makombe ya konokono, na wavuvi wengi wana makovu ya kuthibitisha. Mpige kwanza kichwani kwa rungu, kisha utoe ndoana.

(Twajua ya kuwa wako kati ya wasomaji wetu wa Uganda watu wa ukoo wa Mmamba, ambao kwao samaki huyu ni mwiko. Na wasamehe, habari zake si mwiko kusikia.)

Katika kutega wavu, upepo ndio wa kuangaliwa. Mchana upepo wa ziwani kwa kawaida huvuma kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Visiwa vya majani yaeleayo hufuata upepo huo. Wavu uliotegwa jioni mbele ya kundi kubwa la magugu waweza kukokotwa lote usiku, na mwenyewe asubuhi asione hata chelezo. Hii si hasara ya fedha tu. Nyavu za kwanza za kizungu zilizoletwa katika ghuba ya Winam mwaka 1905 zilikuwa za kitani, na kitani kikipotea majini huoza. Nyuzi za nailoni zilizokuja baadaye haziozi. Wavu wa nailoni ulionaswa na majani huendelea kuvua bila mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, na samaki wanaokufa humo hawaliwi na mtu. Kwa hiyo wavu ukinasa, mvuvi na ajitahidi kuutoa hata kwa kuukata vipande, wala asiuache.

Tusisahau hatari zimpatazo mtu mwenyewe. Mamba na kiboko wapenda majani kwa sababu zao, na mtumbwi mdogo alfajiri, wakati kiboko arudipo majini kutoka malishoni, si mahali pa kusinzia. Lakini adui auaye polepole ni mdogo asiyeonekana. Konokono wakaao juu ya majani ya kando kando huchukua vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo hutoka majini vikaingia katika ngozi ya mtu asimamaye humo, hasa jua likiwa limepanda. Anayeweza kuvua kutoka katika mtumbwi asiingize miguu majini bila haja. Na mwenye damu katika mkojo au katika choo aende hospitali, kwa kuwa iko dawa ya vidonge iitwayo praziquantel, nayo yafaa sana. Na hapa yule kamongo wetu ni rafiki, maana chakula chake kikubwa ni konokono. Penye kamongo wengi konokono hawastarehe.

Sasa lile gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na mabua yake yamejaa hewa kama kibofu, ndiyo sababu laelea. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa kuwa mmea huu ukipata maji yenye rutuba huweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa majuma mawili hivi, haukupita muda ghuba zikafunikwa. Kufika mwaka 1998 wavuvi wa Winam walikuwa wakiamka asubuhi na kukuta bandari yao imekuwa kama konde la kijani, mitumbwi imefungiwa ndani au nje, na hakuna njia. Fukusi wadogo wanaokula gugu hili peke yake waliletwa, Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997, na gugu likapungua sana baada ya mwaka 1998, ijapokuwa limerudi mara kwa mara tangu hapo.

Mvuvi ataka kujua: je, chini ya gugu kuna samaki? Wapo, lakini ni wale wale wenye hila ya pumzi. Gugu huzuia mwanga, majani ya chini hufa, hewa hupungua, na samaki wengine hukimbia. Kamongo na kambare wakaongezeka katika mitego ya wavuvi wa Winam wakati ule wa magugu mengi, jambo lililowashangaza wengi waliokuwa hawajawaona kwa wingi kwa miaka. Basi yule aliyefungiwa na magugu asitege wavu wa sato katikati yake. Na atege ndoana ukingoni.

Tumesema kwamba ndani ya majani ni chumba cha watoto, na jambo hili lataka maneno zaidi, kwa sababu ndilo lililolitia ziwa lile katika matata. Samaki wa jamii ya sato na ngege, dume huchimba kitundu kama bakuli penye maji machache, jike huja akatia mayai, kisha huyachukua mayai yale kinywani mwake. Vitoto huanguliwa kinywani, na hata wakisha kuogelea hurudi humo wakiona hatari. Baadaye hukaa penye majani ya kandokando mpaka wapate nguvu. Kamongo dume naye hulinda mayai na watoto katika kitundu kilicho kati ya mizizi ya mafunjo. Kambare hungoja mvua, akapanda penye nyasi zilizofurikwa na maji akatage. Ningu hupanda mito.

Mtu akijua haya, ajua pia jinsi ya kuwamaliza. Ningu walimalizwa hivyo: nyavu zilitegwa midomoni mwa mito wakati wa mvua, wakashikwa wenye mayai, mwaka baada ya mwaka, mpaka uvuvi wao ukaanguka. Ngege nao walipungua. Bwana Michael Graham alilichunguza ziwa miaka ya 1927 na 1928, na katika taarifa yake ya mwaka 1929 alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Shauri lile likawa amri katika miaka ya 1930. Lakini wavuvi walipozidi, na ngege wakubwa walipozidi kuwa haba, amri ikaondolewa, Uganda na Tanganyika katika miaka ya 1950 na Kenya mwaka 1961. Matundu yakazidi kuwa madogo. Graham alionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka mahali pengine ni jambo la hatari. Sangara akatiwa ziwani katika miaka ya 1950 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sangara aweza kupita kilo 100, na chakula chake kilikuwa furu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa hawapatikani mahali pengine duniani. Katika miaka ya 1980 sangara walijaa ziwa zima, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Wako watu waliotajirika kwa sangara, wala hatuwezi kuwalaumu. Biashara yake imejenga nyumba nyingi za bati. Ila sangara ana udhaifu mmoja: hawezi kuvumilia maji yenye hewa haba. Akifika penye mafunjo mazito hurudi. Wataalamu waliochunguza ziwa dogo la Nabugabo, lililo karibu na Ziwa Victoria upande wa Uganda, waliona kwamba samaki kadhaa wadogo waliokuwa wamepotea penye maji mapana wangali hai kandokando katika mafunjo na majani mazito, mahali ambapo sangara hathubutu kufika. Maji yale meusi tuliyoyadharau ndiyo yaliyokuwa ngome yao.

Kwa sababu hiyo twasema kwa nguvu juu ya kokoro. Wavu huu mrefu wa kukokota hutupwa mbali ukavutwa mpaka ufukoni na watu wengi, nao hung'oa majani, hufukia vitundu vya mayai, na kuleta vitoto vya samaki visivyotosha hata mchuzi. Umekatazwa katika nchi zote tatu za ziwa. Kadhalika wale wanaochoma mafunjo wakati wa kiangazi au kuyafyeka yote ili kulima mpaka majini, hupata shamba la misimu michache na kupoteza ngome ile tuliyoitaja. Kukata mafunjo kwa mikeka na kwa mapaa ni halali na ni desturi ya kale. Mafunjo huota tena upesi kama mizizi ikiachwa. Yafaa kukata kwa zamu, upande mmoja mwaka huu na upande mwingine mwaka ujao, na kuacha ule ukanda wa mbele unaogusa maji mapana.

Penye magharibi ya Kenya, nyuma ya mafunjo ya Yala, kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli. Ukuta wa mafunjo walitenga na Ziwa Victoria, na sangara hakuingia. Ngege wa asili, yule aliyekuwa chakula cha babu zetu na aliyekwisha kutoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa, yungali humo, na wavuvi wa pale humvua kwa mitumbwi midogo ukingoni mwa majani.